Alfred au Alfie: barua kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Barua yako imefika, pamoja na salamu za mkwe wangu. Unauliza kama mtoto aandikishwe Alfred, jina la babu yake mzaa baba, au Alfie moja kwa moja, kwa kuwa ndivyo kila mtu atakavyomwita. Mimi husema siku zote kwamba jina la cheti ni la serikali, na jina la kudekezwa ni la wanaokupenda.

Unamkumbuka yule bibi wa wodi ya wazee, niliyerudi nyumbani Leicester nikimlilia mpaka baba yako akadhani amefariki? Siku tatu nilimwita Margaret, kama faili lilivyoandikwa, asifumbue macho, nami nikaandika kwa mkono wangu kwamba mgonjwa haitikii. Siku ya nne mdogo wake alikuja, akamwinamia, akaita "Peggy", na bibi akageuka akaomba chai. Hakuna aliyenilaumu, lakini mwandiko ule ulikuwa wangu.

Ningejuaje? Waingereza wa zamani walikuwa na majina machache, kila nyumba ina John na William wake, ndipo wakayakata na kuyapindua kwa vina: Robert akawa Rob kisha Bob, William akawa Will kisha Bill, na Margaret akawa Meg kisha Peg. Siku hizi vifupi hivyo vimehamia kwenye vyeti. Mwanamfalme Harry alibatizwa Henry, lakini mwanawe, aliyezaliwa 2019, ni Archie tu, si Archibald. Na Harry lenyewe liliongoza majina ya wavulana wa England na Wales mwaka 2011 na 2012.

Jambo hilo hunikera, kwani jina la kudekezwa likishapigwa muhuri, nyumbani mtabaki na lipi? Lakini hapohapo najipinga: faili lile lingeandikwa Peggy, nisingempotezea mgonjwa wangu siku tatu. Kisha najibu tena kwamba Peggy alimwamsha kwa sababu aliyeliita alikuwa ndugu yake, na huenda mimi ningeliita bure.

Basi siamui. Huko England mnapewa siku 42 za kumwandikisha. Usiniulize tena kabla hazijaisha, maana nitasema.

Mama yako