Maswali Yenu: Tabora tulikosea wapi?

Swali: Kaka shikamoo, pole na kazi. Mimi mzaliwa wa Kanyenye hapa Tabora, marehemu babu alikuwa anatuambia huu ndo ulikuwa mji wa bara, misafara yote inapita hapa, reli ipo toka enzi za Mjerumani. Sasa mbona Dodoma inatukimbia, Mwanza ndo usiseme, na hata Kahama ambayo sisi tulikuwa tunaiona pori inatucheka? Tumekosea wapi? – Mjukuu wa Kanyenye

Jibu: Marahaba mjukuu. Babu yako hakukudanganya, huo mji bana ulikuwa moto. Burton na Speke, wale wapelelezi wa Kiingereza, walitoka pwani Juni 1857 wakaingia hapo Novemba, enzi hizo panaitwa Kazeh, wakakuta Waarabu wameshajenga matembe yao wanaishi zao vizuri tu. Na kilichowakalisha pale ni njia, manake msafara ukitoka Bagamoyo ukifika hapo unagawanyika, huu unashika Ujiji na Kongo, ule unapanda Karagwe mpaka Buganda, mizigo inatuliwa, wapagazi wanabadilishwa, chakula kinanunuliwa. Mji usio na bahari unakula kwa mtu anayelazimika kusimama. Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, hilo alilijua sana, 1871 aligombana na Waarabu akaiziba njia ya Ujiji, hata Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone ikabidi azungukie kusini huko.

Mjerumani nae na reli yake aliifuata njia ileile, Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914, alafu Mwingereza akatoa tawi la Mwanza likagusa ziwa 1928, na la Mpanda likaja baadae. Kama umeshapanda ile treni ya zamani unajua, ikifika Tabora behewa zinakatwa, za Kigoma huku, za Mwanza kule, za Mpanda kivyake, umekaa zako unasikia tu kichwa kinagonga nyuma gubu! chai yote mapajani, na dirishani mama anakunyooshea asali kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu anasema onja kwanza mwanangu. Hapo ndo Tabora ya babu yako bado inapumua.

Kilichowatoa ni lami. Mzigo ulivohama kwenye behewa ukapanda semi, njia panda nayo ikahama. Lori la Kigali likitoka Dodoma linapita Singida, Igunga, Nzega, likifika Tinde anayeenda Mwanza anashika ya Shinyanga na mwenzie anashika ya Kahama mpaka Rusumo. Nyie mpo kusini kilomita mia na kitu kutoka Nzega, dereva aje kufanya nini? Kwahiyo supu ya asubuhi, gesti, kuziba pancha, fundi wa springi, vyote vikawafuata madereva huko. Kahama ikaongezea na dhahabu ya Bulyanhulu na mpunga wake, kwenye sensa ya 2022 imewapita kwa watu. Na kinachoniuma zaidi ni Isaka, bandari kavu ile, kontena linapita Tabora juu ya behewa mchana kweupe mnaliangalia, linaenda kushushwa mbele huko kwa wenzenu. Tumbaku hivohivo, Urambo mnalima nyie, viwanda vya kuisindika vipo Morogoro.

Dodoma usijifananishe nayo, ile imekua kwa amri. Uamuzi wa makao makuu ni wa 1973 ukalala wee, serikali ilivoanza kuhamia kweli 2016 ndo mambo yakachangamka, 2018 ikaitwa jiji, na kutoka watu kama 410,000 sensa ya 2012 ikafika 765,000 hivi 2022. Ule ni mshahara wa serikali unatembea mtaani, nyie hamna wa kuwahamishia wizara.

Sasa SGR, hii reli mpya ya treni ya umeme. Ramani yake inawarudishia makutano, kipande cha Makutupora ya Singida kinaingia Tabora, pale kimoja kinaenda Isaka na Mwanza, kingine Kigoma. Ila usianze kujenga gesti pembeni ya stesheni ukitegemea abiria, treni ya umeme haikai masaa kukata behewa, mtu atapita kalala. Wewe ulizia mzigo, kontena litashushwa wapi na maghala yatakuwa upande gani, hapo ndo ukatafute kiwanja.

Swali: Anko, nimepata kiwanja Dodoma bei nzuri, ila watu wananitisha na maji. Ninunue? – Mama wawili, Morogoro

Jibu: Mama wawili, waliokutisha hawajatunga. Dodoma mvua yake ni milimita 570 hivi kwa mwaka, inanyesha msimu mmoja imeisha, hamna mto wa maana, na jiji kwa miaka mingi limeegemea visima vya Mzakwe kule Makutupora ya hapo hapo Dodoma, vilichimbwa mji ukiwa mdogo sio hawa watu wa sasa. Usinunue kwa picha za wasap. Nenda Oktoba, jua limekaba, gonga kwa jirani mwenye nyumba pale pale muulize maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na tanki lake la lita ngapi. Ukiona kila nyumba ina simtanki mbili na boza limepaki, hiyo gharama ijumlishe kwenye bei ya kiwanja kabla hujatoa hela.