Saruji haitaliokoa jumba lenu

SWALI: Asalaam aleykum, mhandisi. Familia yetu imerithi jumba la ghorofa mbili Shangani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, lililojengwa na mmoja wa jamaa wa kasri enzi za masultani. Tunataka juu tutoe fleti za kupangisha, chini tuweke karakana za wachoraji na wachongaji. Kuta zina unyevu na plasta inamong'onyoka. Fundi ametushauri tubandue chokaa yote tupige saruji, tung'oe boriti tumwage zege, na tubomoe ukuta wa kati tupate ukumbi mpana. Kwa unyevu anasema ana dawa ya kupaka. Tuanze na lipi?

JIBU: Waaleykum salaam, ndugu yangu. Anzeni kwa kumsimamisha fundi.

Fleti na karakana ni wazo zuri, maana nyumba inayokaliwa hutunzwa. Michoro ipelekeni Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla hamjagusa ukuta. Linaloniuma ni hili la saruji, ambalo naletewa kila siku, na kila siku mwenye nyumba ameshaaminishwa kuwa chokaa ni kitu dhaifu cha wazee na saruji ndiyo nguvu.

Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wa nusu mita au zaidi. Chini hauna kizuizi cha unyevu. Maji ya ardhini yanapanda ndani yake na chumvi yake, na jiwe lenyewe asili yake ni bahari. Chokaa ina vitundu, kwa hiyo maji hutoka nje yakakauka. Plasta yake ikimong'onyoka baada ya miaka, imefanya kazi yake: imeharibika yenyewe, jiwe likabaki zima. Mkipiga saruji, maji hukosa pa kutokea, yakazidi kupanda mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani. Boriti inaoza kule ndani, hamuioni.

Tafuteni nyumba yoyote jirani iliyopigwa saruji kimo cha mita moja kutoka chini. Tazameni juu kidogo ya ule mstari: rangi imevimba, na ukikwangua kwa kucha unamwagika unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Kisha igongeni saruji yenyewe kwa ngumi. Inalia wazi, kwa sababu imeshaachana na ukuta na nyuma yake chokaa imekuwa vumbi. Na mwenye nyumba anaitazama haina hata ufa, anamsifu fundi!

Hiyo dawa ya kupaka nayo ni yale yale. Inaziba uso wa ukuta, maji yanabaki ndani. Ukuta hupendeza mwaka mmoja au miwili, muda wa kutosha kwa muuzaji kulipwa na kuondoka. Hakuna dawa ya kopo inayoponya unyevu wa ukuta wa matumbawe.

Zege la dari lina ubaya wake. Watu hubishana juu ya uzito, lakini dari ya boriti, mawe na chokaa nayo si nyepesi. Hatari zaidi ni kwamba ili zege likae, fundi hukata mfereji ukutani kuzunguka chumba kizima. Kuta hizi katikati zimejazwa kifusi. Ukizikata, kifusi kinateremka na ukuta unabaki maganda mawili. Halafu nondo, kwa hewa yetu ya chumvi, hushika kutu, hufura na kupasua zege lenyewe. Boriti mbovu hubadilishwa moja moja, chini pakiwa na tegemeo.

Ukuta wa kati msiuguse. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya kama mita tatu, basi ukuta huo ndio uliobeba dari za pande zote mbili. Fleti zifuateni vyumba vilivyo. Vyoo vipangeni kimoja juu ya kingine, mabomba yapite nje ya ukuta yaonekane yakivuja. Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani mbili: liwekeni uani, msilipandishe juu. Wachongaji na mawe yao wabaki chini, kama mlivyopanga.

Mnauliza muanze na lipi. Anzeni na paa, michirizi na mtaro wa uani. Maji yakishazuiwa, upeni ukuta miezi ya kukauka, kisha rekebisheni plasta iliyokufa tu, kwa chokaa. Najua mnataka wapangaji mapema, na haraka hiyo ndiyo mafundi wa njia ya mkato wanayoiuza mji mzima. Beit al-Ajaib, kasri la sultani la 1883 hapa Mji Mkongwe, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Kazi katika majengo haya ni hatari hata pale panapokuwa na wataalamu, sembuse kwa fundi anayekadiria kwa macho. Na nyinyi mtaweka familia za watu ndani.

Fundi mwingine akija, mwulizeni chokaa anairoweka muda gani kabla ya kuitumia. Akijibu kwamba anatia na saruji kidogo ili ishike haraka, mtafuteni mwingine tena.