Ukiambiwa kozi utaanza Januari, kataa

Mdogo wangu, nilikuwa nakoroga uji huku nasoma ujumbe wako. Nimefika hapo uliposema unaondoka Septemba kwenda Ujerumani kuwa au pair, yaani kuishi na familia ya huko ukiwasaidia kulea watoto, na mama mwenyeji kakushauri kozi ya Kijerumani uianze Januari "ukishazoea", nikazima jiko. Makoti, unga wa ugali na laini ya simu ulivyouliza tutavifikia. Kama tutavifikia.

Januari kataa. Mimi niliambiwa hivyohivyo, na nilifika Septemba hiyohiyo, kijiji kimoja cha Bavaria chenye ng'ombe wengi kuliko watu. Mama wa ile nyumba ni mtu mwema, hakuwa na hila yoyote. Ila alikuwa na watoto watatu na kazi ya ofisini, na kwa nyumba ya namna hiyo siku ya "kuzoea" haifiki. Nikasema sawa, maana tumelelewa hivyo, mgeni hampangii mwenye nyumba ratiba. Januari naenda kujiandikisha Volkshochschule, ile shule ya mji inayofundisha watu wazima kwa bei nafuu: darasa la A2, ngazi ya pili ya lugha, limejaa, subiri Machi. Machi napata nafasi, darasa linaisha saa tatu usiku. Basi la mwisho kurudi kijijini? Saa 12:40 jioni. Kabla ya kusaini mkataba sikuwahi kuuliza habari za basi. Niliuliza kama mchele unapatikana.

Darasa la asubuhi nimekuja kulipata Mei, mji mwingine, siku mbili kwa wiki. Viza yangu inaisha Agosti. Piga hesabu mwenyewe.

Na hapa ndipo ninapomkumbuka yule dalali wa Dar aliyekula laki nane zangu kwa kunitafutia familia ambayo ningeweza kuitafuta mwenyewe mtandaoni. Nilipomuuliza kuhusu lugha alinijibu, "Wewe nenda, Kijerumani watakufundisha watoto." Na kweli walinifundisha! Mkubwa wao alikuwa na miaka mitano, kwa hiyo baada ya miezi kumi nilikuwa naongea Kijerumani safi kabisa cha chekechea. Nikaitwa kwenye usaili, nyumba ya kutunzia wazee, natafuta Ausbildung, mafunzo ya kazi, ya uuguzi. Msimamizi, mama wa makamo, ananiuliza wazee wakihangaika usiku nitafanyaje. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nitahakikisha wote wanafanya "heia". Heia ni neno la kumbembelezea kichanga alale. Halafu muda wote namwita "du", ile "wewe" ya marafiki, kama tumecheza kombolela pamoja, kwa sababu ile "Sie" ya heshima kwenye nyumba ya wenyeji wangu hakuna aliyekuwa anaitumia. Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Kilichoniuma ni kwamba alinipenda. Akasema nafasi ipo, lete cheti cha B1, ngazi inayofuata A2. Mimi nilikuwa katikati ya A2.

Nikadhani nitaongeza viza. Haiongezwi. Au pair Ujerumani mwisho ni miezi 12, na hupewi mara ya pili. Nikapanda ndege na sanduku la chokoleti za watu. Nikaanza upya kozi Dar, najilipia senti kwa senti, wakati kule familia inatakiwa kukuchangia yuro 70 za kozi kila mwezi. Imenichukua mwaka na miezi minne kurudi huku Ujerumani. Katika muda huo shangazi yangu mmoja alishatangaza ukoo mzima kwamba nilifukuzwa kwa kumpiga mtoto wa mzungu. Kwenye harusi watu wananiangalia mikono.

Sasa wewe mkataba bado hujasaini. Mwandikie mama mwenyeji leo, na usiandike "naomba kama haitakuwa usumbufu". Andika: kozi naanza wiki ya kwanza, siku fulani na fulani, saa hizo watoto atakuwa nao nani? Hakasiriki. Hawa watu ratiba ya kumwaga taka wanaibandika kwenye friji, atashindwaje yako? Sheria imekupa saa 30 za kazi kwa wiki, zisizidi sita kwa siku, na posho ya yuro 280 kwa mwezi, na muda wa darasa ni haki yako, si hisani. Akikujibu tutaongea ukifika, ujue ameshajibu. Tafuta familia nyingine, miaka yako 22 bado inaruhusu. Hawataki tu uwe umefikisha 27 wakati wa kuomba viza.

Na ukishafika, angalia mapema tarehe za mtihani wa B1, usisubiri ujisikie umeiva. Nafasi zinajaa.

Kuhusu makoti, usinunue Kariakoo, utabeba mzigo bure. Mitumba hata huku ipo, na mama mwenyeji huwa hakosi koti la zamani kabatini. Unga upo kwenye maduka ya Waafrika miji mikubwa. Laini ya simu... uji wangu umeganda, mwingine atakujibu. Wewe nijibu kwanza: hicho kijiji chako basi la mwisho ni saa ngapi?