"Ningekuwa na muda" kwa Kihispania

Swali: Najifunza Kihispania peke yangu. Maneno ya kila siku nayamudu, ila nikitaka kusema "Ningekuwa na muda, ningesoma zaidi" naandika *Si tendría tiempo, leería más*, na kila mara nasahihishwa. Nakosea wapi?

Jibu: Umeifuata -nge- ya Kiswahili, ambayo hukaa pande zote mbili za sentensi. Kihispania huzitenganisha. Tokeo hubaki *leería*, kama ulivyoandika, lakini sharti lenye *si* hudai umbo jingine: *Si tuviera tiempo, leería más*. Kulipata ni rahisi: chukua "walikuwa na", yaani *tuvieron*, ondoa -ron, weka -ra. Kanuni hii haina kitenzi kinachoikwepa, kwa hiyo ishike vizuri kuliko jedwali lolote. Kaskazini mwa Hispania, hasa kwa Wabasque, utawasikia wenyeji wakisema *si tendría*. Kwenye mtihani bado ni kosa.

Kwa -ngeli- na -ngali- tumia *Si hubiera tenido tiempo, habría leído más*. Hapa kuwa mwangalifu, maana wengi wetu husema -nge- hata kwa jambo lililokwisha pita. "Ungenipigia jana, ningekusaidia" ina -nge-, lakini jana hairudi, basi ni *Si me hubieras llamado ayer, te habría ayudado*. Tafsiri wakati unaokusudiwa, usitafsiri kiambishi.

Ninaloliona gumu zaidi, ingawa hukuliuliza, ni -ki-. "Akija, nitamwambia" ina maana mbili kwetu, na Kihispania kitakulazimisha uchague. Kama huna hakika atakuja: *Si viene, se lo diré*. Kama unajua atakuja, unangoja saa tu: *Cuando venga, se lo diré*. Angalia kitenzi kilivyobadilika: *viene* baada ya *si*, *venga* baada ya *cuando*. Wanafunzi wengi huandika *si venga* au *cuando vendrá*, na yote mawili hayakubaliki. Na usiruhusu jicho likudanganye: *si* hii haikanushi kitu, na ikiwekewa alama, *sí*, ni "ndiyo".

"Laiti" ndiyo itakayokupa raha. Ni *ojalá*, nalo lina asili ya Kiarabu kama letu: "Laiti ningejua" ni *Ojalá lo supiera*, na "Laiti ningelijua" ni *Ojalá lo hubiera sabido*.