Fedha Zilitumika: Nani Alizitumia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Niliwapa wanafunzi wa kidato cha tano kazi ya kusoma Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania, yaani Hansard, hasa kipindi cha maswali na majibu. Wengi waliniletea orodha ya methali na tamathali za usemi, lakini mmoja aliuliza kwa nini katika majibu ya Serikali mambo mengi hutokea bila mtu wa kuyatenda. Je, nimjibu kwa sarufi au kwa siasa?

JIBU: Anza na sarufi, Mwalimu, kwa kuwa mwanafunzi huyo ameona jambo ambalo wenzake wamelipita. Tukiambiwa tuchambue hotuba, wengi wetu hukimbilia methali na takriri, ilhali uzito wa hoja mara nyingi umejificha kwenye viambishi vya kitenzi.

Chukua sentensi tatu nilizozitunga mimi, wala si za mbunge yeyote: "Idara ilitumia fedha vibaya", "Fedha zilitumiwa vibaya na idara" na "Fedha zilitumika vibaya". Katika ya kwanza mtenda ameketi mahali pa kiima na anaonekana na wote. Ya pili, iliyo katika kauli ya kutendwa, imemsogeza nyuma, na msemaji akipenda anaweza kumwacha kabisa, hata hivyo pengo lake hubaki, kwa kuwa msikilizaji anaweza kuuliza "Zilitumiwa na nani?" na sarufi ikamruhusu. Ya tatu, ya kauli ya kutendeka, imeufunga hata mlango huo, maana katika Kiswahili sanifu kitenzi cha namna hii hakipokei mtenda, ingawa mitaani tumezoea kusikia "zilitumika na". Fedha zimekuwa kama maji yaliyomwagika.

Ndugu wa kauli hii ni ule msemo ambao kila anayefuatilia mijadala ya bajeti anaufahamu: "kadiri fedha zitakavyopatikana". Kiima ni fedha zenyewe. Anayepaswa kuzitafuta na anayepaswa kuzitoa hawamo katika sentensi.

Hata hivyo, mwanafunzi wako asiharakishe kuhukumu. Mtu akisema "daraja limevunjika" baada ya mafuriko, hajaficha chochote, na kiambishi hicho hicho cha kutendeka, -ik- au -ek-, hueleza pia uwezekano, kama katika "mpango unaotekelezeka". Ajaribu kuigeuza sentensi iwe katika kauli ya kutenda; akisoma jibu lote na maswali ya nyongeza, kisha akakosa kiima cha kuweka, hapo sasa aanze kuzungumza siasa.

Jambo jingine dogo: iwapo wanahesabu maneno kwa kompyuta, waondoe kwanza "Mheshimiwa Spika", ambalo hurudiwa aya baada ya aya na litawaharibia hesabu. Yale yaliyomo kwenye mabano, (Makofi) na (Kicheko), wasiyafute. Hayakusemwa na mbunge, yameandikwa na wanaonakili mjadala, lakini huonyesha ni sentensi ipi iliyowagusa waliokuwamo ukumbini.

SWALI: Je, uchambuzi wa namna hii unafaa kwa Bunge la Kenya, ambako viongozi huchanganya Kiswahili na Kiingereza? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Unafaa, ila tenganisha ukumbi wa Bunge na uwanja wa kampeni. Kifungu cha 120 cha Katiba ya mwaka 2010 kinataja lugha rasmi tatu za Bunge, ambazo ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya, na kanuni za Bunge humtaka aliyeanza kuchangia kwa lugha moja amalizie kwa lugha hiyo hiyo. Kule kuchanganya ndimi unakokusikia kwenye mikutano ya hadhara, basi, ndani ya ukumbi huhesabiwa kuwa kosa la utaratibu. Mchangiaji akiteleza, tazama ni neno gani lililomponyoka na alikuwa anazungumzia nini wakati huo, kisha anzia hapo.