Omba radhi ya ukimya, si ya ushindi

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza. Mwaka 2015, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye chuo cha ualimu tulianzisha umoja wa walimu wanawake wa kata yetu. Tulikuwa wanane, tukichanga shilingi elfu mbili kila mwezi kwa ajili ya sodo na sare za wasichana wasiojiweza. Leo tuko 34, wa msingi na wa sekondari. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa mwenyekiti tangu mwanzo. Mwaka huu tulifanya uchaguzi kwa mara ya kwanza. Wenzangu walinisihi, nikachukua fomu siku ya mwisho, nikamshinda kwa kura 19 kwa 14. Mmoja wetu alikuwa likizo ya uzazi. Rafiki yangu alinipa mkono mbele ya watu wote. Tangu hapo hanipigii simu, na kwenye vikao anakaa nyuma, karibu na mlango. Nimempa cheo cha mlezi wa umoja, amekataa. Nafikiria kujiuzulu ili nimpate tena.

*Mwalimu M., Muheza*

Marahaba, mwanangu. Usijiuzulu. Wanawake 19 waliacha kazi zao siku ile wakaja kukuchagua, na ukiuacha uenyekiti hutampata rafiki yako. Atabaki na kinyongo kile kile, na juu yake aibu ya kuonekana amekuondoa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote jicho limekwama pale uliposema ulichukua fomu siku ya mwisho. Hukuandika kwamba ulimwambia. Kama ungemwambia ungeandika, maana hata ile michango ya elfu mbili mbili hukuisahau. Nadhani rafiki yako aliingia kwenye uchaguzi akijua wewe ndiye utakayemsemea, ndipo akasikia jina lako likisomwa.

Nalijua jambo hili kwa upande wake. Mwaka 2004 nilikuwa nafundisha Kiswahili mkoani Morogoro, na shule tatu za jirani tulikuwa na umoja kama wenu, tukiwa 20 na ushee. Rafiki yangu, niliyelala naye bweni moja chuoni, niliyemlelea mtoto alipokuwa akienda masomo ya jioni, aligombea dhidi yangu bila kuniambia. Akanishinda. Sikulilia kushindwa. Nililia kwa sababu usiku wa kuamkia uchaguzi tulikuwa kwangu tukichambua mchele wa pilau ya kikao katika ungo mmoja, tukicheka, na yeye anajua, mimi sijui.

Nilinuna miezi 14. Watu walisema nina uchu wa madaraka, nami nikawaacha waseme, kwa kuwa ukweli ulikuwa mgumu zaidi kuutamka. Yeye akanipa cheo cha mshauri. Nilikikataa kama rafiki yako alivyokataa ulezi. Mwanangu, mtu anakijua cheo cha kupozwa. Hakina kazi, hakina daftari, na kina kiti cha mbele siku ya wageni tu.

Katika miezi ile ile nilikuwa mlezi wa klabu ya Tuseme shuleni kwetu. Walimu wengi mnaijua. Ilianzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 kwa kazi ya Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walimu wawili wa sanaa za maonyesho waliokwisha kuandika tamthilia pamoja. Baadaye FAWE, jumuiya ya wanawake wanaelimu wa Afrika iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye makao makuu Nairobi, iliupokea mpango huo ikaupeleka katika nchi nyingine za Afrika, na Profesa Mlama mwenyewe akaja kuwa mkurugenzi mtendaji wa jumuiya hiyo. Katika Tuseme, wasichana wanalitaja tatizo lao wenyewe, wanalichambua, kisha wanaliigiza mbele ya walimu na wazazi, yaani mbele ya wale wanaoweza kuliondoa. Siku moja binti wa kidato cha pili alisimama mbele ya mkuu wa shule akasema vyoo vya wasichana havina milango. Sauti ilimtetemeka lakini alimaliza. Nilirudi nyumbani na fedheha. Nilikuwa namfundisha mtoto wa miaka 15 kusema, na mwenyewe nilikuwa sijamwambia rafiki yangu neno moja dogo: umeniumiza.

Sikwenda, hata hivyo. Aliyekuja ni yeye, Jumapili jioni, nikiwa napepeta mahindi nyuma ya nyumba. Hakuja na kitenge wala kilo mbili za sukari. Alikuja na ufunguo. Sanduku letu la akiba lilikuwa na kufuli tatu, kama masanduku ya vikoba, kila ufunguo na mshikaji wake, ili asiwepo mmoja wa kulifungua peke yake. Mshikaji mmoja alikuwa amehamishiwa Kilosa. Akaniambia, nayakumbuka maneno yake: "Nilijua kwa siku nane kwamba nagombea, na nilikuficha. Niliogopa ungenisihi niache, nami ningekubali. Naomba radhi kwa kukuficha. Kwa kugombea siombi radhi. Ufunguo huu ushike wewe, kwa sababu nikikosea hesabu wewe utasema."

Sikumjibu papo hapo. Nilimpikia chai, tukanywa bila maneno mengi. Lakini ufunguo niliuchukua, na niliushika miaka sita.

Kwa hiyo nenda kwake, mwanangu, wewe mwenyewe kwa miguu yako. Usitume ujumbe wa simu, na usimpitie mama mkwe wake wala mkuu wa shule. Mwambie ulichomficha na ulimficha siku ngapi. Neno "kama nilikukosea" liache nyumbani. Hilo "kama" linamrudishia yeye mzigo wa kuthibitisha. Akikasirika, kaa. Akinyamaza, kaa pia, unywe maji, uage. Wala usimwombe radhi kwa kushinda, kwa sababu ukifanya hivyo utakuwa unamdanganya, naye anakujua tangu chuo.

Kisha mpe kazi, iwe kazi nzito. Tangu Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule rasmi, ruhusa ipo, lakini binti harudishwi na ruhusa peke yake. Lazima mtu aende nyumbani, azungumze na bibi atakayebaki na mtoto, amtulize baba aliyeapa hatatoa tena hata senti, atafute sare inayomwenea msichana aliyekwisha kunyonyesha. Rafiki yako ameuongoza umoja huu miaka yote hiyo. Hakuna nyumba katani asiyoijua. Mwombe aibebe kazi hiyo, muipitishie fungu lake kwenye kikao, na taarifa yake aisome yeye, si wewe.

Na zile kura 14 ni za wanachama wako pia. Nikiona kamati zako zote zimejaa wale 19, nitajua hata ulipokwenda kuomba radhi hukumaanisha.

Jambo jingine, nalisema haraka kwa sababu halihitaji mengi: kukaa miaka yote hiyo bila uchaguzi lilikuwa kosa la ninyi wawili, waanzilishi. Andikeni kwenye katiba yenu kipindi cha uongozi na ukomo wake, na fomu za wagombea zibandikwe wazi wiki mbili kabla ya kura, ili mtu asishtukizwe tena na jina la shoga yake.

Atachukua muda wake. Usimhesabie siku.

Mwalimu, pokea salamu kutoka Voi.

Nina miaka 26 na nimechaguliwa katibu wa chama chetu cha walimu wanawake kwa sababu "najua kompyuta". Mweka hazina alinifundisha nikiwa darasa la nne. Stakabadhi analeta akipenda. Nitamwambiaje?

*Katibu*

Mwanangu, mwamkie kwanza, na umwite vile vile ulivyomwita darasa la nne. Halafu mwombe akae nawe siku tatu kabla ya kikao mpitie daftari lake, stakabadhi moja moja, wewe ukichapa na yeye akisoma. Wengi wetu hatufichi fedha, tunaficha kwamba hesabu zimetuchanganya, na mbele ya kijana aliyetufuata kwa heshima tunakubali kusaidiwa. Isiyopatikana iandikie "haijaletwa". Usiandike "imepotea". Kikaoni isome kwa sauti ile ile unayosomea mistari mingine.

Mimi mwenyewe niliandikiwa "haijaletwa" na mwanafunzi wangu wa zamani, ya shilingi 6,500 za nauli ya bodaboda. Niliileta wiki ile ile, nikiwa nimeikuta ndani ya kitabu cha mahudhurio.