Kitambaa cha Mashine ya Kukaushia Picha

SWALI: Katika chumba changu cha giza ninatumia mashine ya umeme ya kukaushia picha, ile yenye bamba la kromu lililobinuka na kitambaa kinachovutwa juu yake. Kitambaa kimeingia madoa ya kahawia na kimelegea upande mmoja. Picha zinatoka na mawimbi, na baadhi yake hupata umanjano mgongoni baada ya miezi kadhaa. Je, nikifue au nikibadilishe?

JIBU: Kibadilishe. Picha ambayo haikusuuzwa vya kutosha ikibanwa hapo, joto hufukuza maji na kuacha chumvi za fiksa (dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga) ndani ya nyuzi. Kisha picha inayofuata, hata kama imesuuzwa saa nzima, huzilowesha chumvi hizo upya na kuzinyonya, ndipo umanjano unapotokea kwenye picha isiyo na kosa lolote. Kufua hukifaa kitambaa ambacho bado ni kizima, wala si hicho kilichoiva kwa joto.

Tafuta turubai la pamba tupu, lisilopaushwa, lisilotiwa rangi wala dawa ya kuzuia maji, kwa kuwa mvuke wa picha hutokea kwa kupenya humo. Lenye nailoni au poliesta liache, kwani hukawiza unyevu na huweza kuharibiwa na joto. Chagua lililofumwa kwa kushikana na lenye uso laini: picha isiyohitaji mng'ao hukaushwa uso ukigusa kitambaa, na emalsheni (tabaka la juu ya karatasi lenye taswira) iliyolainika kwa maji hupokea alama ya kila kifundo cha uzi.

Usilikate kabla ya kulifua. Turubai jipya huwa na wanga wa kiwandani, tena husinyaa, kwa hiyo lifue mara mbili kwa maji ya moto na sabuni kidogo, bila dawa ya kulainishia nguo, ulisuuze mpaka maji yatoke maangavu, kisha ulipige pasi.

Sasa chomoa waya wa umeme, uache bamba lipoe, na ufumue kitambaa cha zamani taratibu ukiangalia jinsi fito zilivyopita ndani ya pindo. Kipimo kichukue upande usiolegea. Nyuzi za mtande, yaani zile za urefu wa kitambaa, zifuate upande wa kuvutwa, na pindo zote mbili, zikishonwa mistari miwili kwa uzi wa pamba, ziwe sambamba kabisa. Zikipishana hata milimita chache, upande mmoja hukaza na mwingine hulegea, na mahali palipolegea ndipo karatasi inapopata nafasi ya kujikunja. Kagua pia springi, kwa sababu iliyochoka upande mmoja italegeza hata kitambaa kipya.

Washa mashine bila picha mpaka kitambaa kikauke kabisa, kisha kausha karatasi tupu ya picha iliyoloweshwa na uitazame pande zote kwenye mwanga mzuri kabla ya kuweka kazi unayoithamini. Refusha pia muda wa kusuuza na uache kutumia fiksa iliyochoka, maana madoa yalianzia kwenye beseni. Karatasi zenye utando wa plastiki usizikaushe humo kamwe: utando huyeyuka na kunata kwenye bamba au kwenye turubai ulilolishona kwa shida. Hizo zikamue maji, uzitundike kwenye kamba.